Usimkwepe Kulungu

Maiti ya Mwalimu Wakasa Teiji haikuonekana kama ya mtu aliyeanguka. Ilionekana kama ya mtu aliyelazwa.

Mkaguzi Obinata Ryuzo aliliona hilo kabla hajafunga mlango wa gari la polisi. Mzee alikuwa chali kwenye nyasi za kando ya barabara. Miguu imenyooshwa, mikono imekutanishwa kifuani, kichwa kimeelekea kaskazini, kama wafu wanavyolazwa huku. Usoni alifunikwa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, na umande ulikuwa umegandia juu yake kama sukari iliyonyunyizwa.

Hatua chache kutoka hapo alilala kulungu jike, naye amekufa. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imefungwa kamba.

"Aliyemkuta ni dereva wa lori la maziwa," alisema Sajini Nukada. "Yuko ndani ya lori lake, anatetemeka. Anasema hakugusa kitu."

"Hata kitambaa?"

"Hata kitambaa. Alipiga magoti, akaunganisha viganja, akapiga simu."

Nukada alikuwa kijana wa jiji la Sapporo, mtu wa mataa na mitaa. Alihamishiwa mji huu mdogo wa Tokumabetsu majira ya kuchipua, na huu ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza wa kulungu. Aliutazama mzoga, akamtazama mzee, akakuna kichwa.

"Bosi, hiyo kamba ni ya nini?"

Obinata alimweleza. Mji mzima ulijua tabia ya Mwalimu Wakasa. Kulungu akigongwa akaachwa barabarani, dereva anayekuja nyuma atamgonga tena, au atamkwepa aingie mtaroni. Kwa hiyo mzee hakusafiri bila kamba na glavu nyeupe za pamba. Akiona mzoga, anaegesha kigari chake kwenye njia ya shamba, mbali na lami, anauburuta mzoga mpaka nyasini, anauombea kidogo, anaenda zake. Watu walimtania kwamba yeye ni mzishi wa kulungu. Alijibu kwamba kazi hiyo haina foleni ya waombaji.

Kigari chenyewe kilikuwa ng'ambo ya kona, kwenye njia ya shamba kama kawaida yake. Taa zake za tahadhari zilikuwa bado zinapepesa, dhaifu, betri ikikata roho.

"Huyu kulungu tunamjua," alisema Nukada. "Yule mwalimu wa chekechea aliripoti jana alasiri kwamba amemgonga. Gari lake tulilipiga picha kituoni, likavutwa. Kwa hiyo mzee alikuja kuuondoa mzoga, giza likaingia, ukungu ukashuka, gari lingine likamgonga yeye."

"Na dereva wa gari hilo?"

"Alishuka, akamlaza namna hii, akatoroka." Nukada aliitazama tena maiti. "Mtu wa ajabu. Anaua, anakimbia, lakini kwanza anamfunika maiti uso."

Obinata alichuchumaa akakitazama kitambaa bila kukigusa. Kilipigwa pasi. Pindo lake lilishonwa kwa mkono, kwa uzi wa bluu, mishono midogo midogo iliyobanana. Shingoni mwa mzee kulikuwa na taulo yake mwenyewe, chafu, imeloa. Basi kitambaa hiki hakikutoka kwa marehemu. Kilitoka kwenye droo ya nyumba ya mtu.

Akainuka, na magoti yakamlia kama mlango mkuukuu.

Daktari wa polisi, Bi Sunada, alimaliza kazi yake akavua glavu.

"Amegongwa nyonga na mapaja. Gari dogo, la chini, si lori. Kisha kichwa kikapiga lami. Jana jioni, muda mfupi baada ya giza."

"Aliteseka?"

"Unaniuliza kama polisi?"

"Nakuuliza kama mwanafunzi wake."

Daktari alimtazama. "Haikuchukua muda," alisema kwa upole. "Pengine hakujua."

Nukada alikuwa amesimama katikati ya barabara na kamera. "Bosi, njoo uone."

Alama za breki zilikuwa mbili, nyeusi, zimenyooka kama mistari ya daftari. Zilianza kabla ya damu zikaishia baada ya damu. Hazikupinda.

"Alikanyaga breki lakini hakugeuza usukani," alisema Nukada. "Hata kidogo. Mtu yeyote mwenye moyo akiona kitu mbele yake mikono inageuka yenyewe."

"Huku tunafundishwa isigeuke."

"Na nani?"

Obinata alielekeza kidevu chake kwenye nyasi, kule alikolala mzee.

Mwalimu Wakasa alikuwa ndiye mwenye shule ya udereva ya Tokumabetsu. Mwanawe wa pekee, Nobuya, alikufa akiwa na miaka kumi na tisa. Aliona kulungu usiku, akamwonea huruma, akamkwepa, gari likaingia mtaroni likapinduka. Kulungu akaenda zake msituni. Baada ya mazishi mzee alichukua brashi na rangi nyeupe, akaandika neno moja juu ya lango la shule yake: USIKWEPE. Toka hapo kila kijana aliyepita langoni mwake alikaririshwa: shika usukani kwa mikono miwili, kanyaga breki, nenda moja kwa moja. Bati hununuliwa. Wewe hununuliwi.

Nukada alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Basi aliyemuua mzee ni mwanafunzi wake."

"Sajini," alisema Obinata, "mji mzima ni wanafunzi wake."

---

Nyumba ya Wakasa haikuwa mbali na ile kona. Obinata aliingia peke yake. Hakubisha hodi, kwa sababu mlango ulifunguliwa kabla mkono wake haujaufikia.

"Ingia, Ryu. Baridi hiyo."

Suwako, mke wa Mwalimu, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni. Obinata alikuwa rafiki ya Nobuya. Alikulia kwenye meza ile, akila viazi vya siagi na figili za siki, akikemewa kwa kuacha viatu ovyo. Hakuwahi kumwita jina lingine isipokuwa Mama.

Alivua viatu, akavipanga. Akapiga magoti mkekani.

"Mama. Nina habari mbaya."

"Najua. Umevaa uso wa mazishi ya Nobu."

Alimwambia. Suwako aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Asante kwa taabu ya kuja," alisema, kama anavyoambiwa mtu aliyeleta kifurushi. Akaenda kutengeneza chai.

Obinata alitazama chumba, maana ndiyo kazi yake. Kwenye madhabahu ndogo ya ukutani, picha ya Nobuya akicheka, na kibakuli cha wali mbele yake. Wali ulikuwa wa moto, unafuka. Juu ya jiko la mafuta ya taa palining'inia kizibao cha rangi ya chungwa, kile wanachovaa watu wote msimu wa uwindaji ili waonekane. Kimeshakauka.

"Jana alitoka amevaa nini, Mama?"

"Sweta yake ya kahawia. Ile niliyomfumia."

"Na kizibao?"

Alikuwa amempa mgongo, anamimina maji. "Nilikifua. Kilikuwa na damu ya kulungu wa juzi. Nilimwambia ngoja kikauke. Akasema kulungu aliyekufa hamngojei mtu."

"Hukutupigia simu alipochelewa."

"Nilijua ataletwa."

Alirudi na sinia. Akaliweka baina yao, akafunua kitambaa kilichofunika vikombe, akakikunja na kukiweka pembeni. Kitambaa cheupe. Pindo lake limeshonwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo midogo iliyobanana.

Obinata alikitazama. Kisha akainua kikombe akanywa chai yote, ya moto vile vile, mpaka ikamchoma koo.

"Utamtafuta?" Suwako aliuliza.

"Nitamtafuta."

"Ukimpata, usimfanyie ukali."

"Kwa nini, Mama?"

"Mwalimu asingependa."

Alipotoka, banda la gari lilikuwa wazi. Ndani, gari dogo la Suwako halikuwamo. Obinata alivaa viatu vyake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatembea hadi barabarani, na hakugeuza shingo.

---

Kuna kulala na kuna kujilaza. Aliyelala huamshwa, lakini aliyejilaza utamwitaje? Siku ile nzima Obinata alijilaza macho wazi.

"Mume hakurudi na mke hakupiga simu," alisema Nukada garini.

"Alizoea kuchelewa. Mizoga ni mingi mwezi huu."

"Sawa. Basi twende wapi?"

"Kwa Muroya."

Muroya alikuwa dereva wa lori la magogo, mtu wa maneno mengi, na mara mbili alikuwa amegombana na mzee hadharani juu ya mwendo wake kwenye ile kona. Walimkuta anakula tambi kwenye kibanda cha njia panda.

"Mnanitafuta mimi kwa ajili ya mzee?" Aliweka vijiti chini. "Mimi jana jioni nilikuwa kwenye bafu la maji ya moto, na nusu ya wazee wa mji waliniona uchi. Waulizeni, watawaeleza zaidi ya mnavyotaka kujua."

"Ulimwambia mbele za watu kwamba siku moja atasagwa," alisema Nukada.

"Nilimwambia. Naye akaniambia nina akili ya tufe la theluji. Ndivyo tulivyosalimiana." Muroya alicheka, halafu kicheko kikamgeuka. Alijifuta uso na kiganja. "Aliniangusha mtihani mara tatu, yule mzee. Mara ya nne nilipofaulu, jioni akaja nyumbani na samoni mzima amemfunga gazeti. Akasema: wote waliofaulu mji huu waliniletea samaki nikala, wewe ndiye uliyenichosha, basi kula wangu."

Tambi zikapoa.

"Lori lake ni refu," alisema Nukada walipotoka. "Daktari alisema gari la chini. Ulijua hilo kabla hatujaja, Bosi."

"Nilijua."

"Basi tulikuja kufanya nini?"

Obinata aliwasha gari. "Twende gereji," alisema.

Gereji ya Toyoguchi ilikuwa moja tu mjini, na mwezi huo uwanja wake ulijaa magari yaliyovimba midomo. Toyoguchi alitoka chini ya gari moja, mikono myeusi mpaka kiwikoni.

"Karibuni hospitali ya kulungu. Wagonjwa wote wana ugonjwa mmoja."

"Yapi yaliyoingia tangu jana jioni?"

"Hayo manne. La mwalimu wa chekechea, la daktari wa ng'ombe, la muuza pombe." Akainua kidole kwenye la mwisho, gari dogo la rangi ya maziwa, taa ya kushoto imevunjika, boneti imebonyea. "Na lile ni la Mama Suwako. Maskini. Mume kafa, gari kavunjika."

"Alilileta lini?" aliuliza Nukada.

"Leo alfajiri. Nilikuta limeegeshwa hapo nje, ufunguo juu ya tairi. Akapiga simu baadaye, akasema kulungu. Nikamwambia Mama, wewe pia? Wewe unayeendesha kama umebeba mayai?" Toyoguchi alitabasamu, kisha tabasamu likasimama njiani. Alimtazama Obinata. Obinata alikuwa anatazama lami.

Nukada alikuwa ameshapiga magoti mbele ya magari na tochi. Alichukua muda wake. La mwalimu wa chekechea lilikuwa na manyoya ya kijivu yamenasa kwenye wavu wa mbele, vishungi vizima. La daktari wa ng'ombe vile vile. La muuza pombe lilikuwa na manyoya na jino. Akafika kwenye gari dogo la rangi ya maziwa. Lilikuwa limeoshwa, lakini maji hayaingii kila pembe. Akatoa kibanio, akavuta kitu kutoka kwenye mpasuko wa taa, akakiinua juu kwenye mwanga.

Ulikuwa uzi wa sufu, wa kahawia, umejikunja kama ulivyotoka kwenye sindano za kufumia.

"Bosi," alisema kwa sauti ndogo, "huyu kulungu alikuwa amevaa sweta."

Hakusema kwa mzaha. Aliuweka uzi ndani ya mfuko wa vielelezo, akaandika, akafunga. Kisha akasimama mbele ya mkubwa wake, akaficha mikono mifukoni.

"Kitambaa pia ulikijua," alisema.

"Nilikijua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipokunywa chai."

Nukada alipumua, pumzi ikawa moshi. "Naweza kwenda peke yangu. Sheria inakuruhusu ukae pembeni. Nitakuandikia vizuri kwenye ripoti."

"Ataniuliza kwa nini sikuja."

---

Suwako alikuwa amevaa kimono cha msiba. Nyumba ilikuwa imefagiwa, jiko limezimwa, mkoba mdogo upo mlangoni. Kizibao cha rangi ya chungwa kilikuwa kimekunjwa juu ya mto wa kukalia wa mzee.

"Mmekawia," alisema. "Nilidhani mtakuja asubuhi ile ile."

Obinata alikaa mkekani. Nukada alibaki karibu na mlango, ameshika kofia.

"Mama, gari lako liligonga nini?"

"Umeshaona, Ryu. Usinifanye niseme kwanza."

"Lazima useme wewe."

Suwako alilainisha kimono chake magotini.

"Nilitoka dukani. Nilinunua tofu, kwa sababu ilikuwa baridi na yeye hupenda tofu ya kuchemsha siku za baridi. Ukungu ulikuwa mzito. Nikafika kwenye ile kona. Nikaona taa mbili."

"Taa za gari?"

"Macho. Chini, karibu na lami. Mawili, ya kijani. Unakumbuka kitendawili chake?"

Obinata alikikumbuka. Kila mwanafunzi alikikumbuka. Hukupewa ufunguo wa gari mpaka ukitegue. Mzee alikuwa anakaa kwenye kiti cha abiria, anafumba macho, anasema: nina taa mbili, haziwaki mpaka mgeni aje na zake.

"Kulungu," alisema Obinata.

"Kulungu. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, peke yangu ndani ya gari. Na nyuma ya yale macho kulikuwa na kiwiliwili cha kahawia, kimeinama. Kimoja. Niliona mnyama mmoja, Ryu. Hakika nilimwona."

Jike yule alikuwa mfu, anaburutwa kinyumenyume kwa kamba, macho wazi. Na mzee ameinama juu yake, amevaa sweta ya kahawia.

"Ukafanya nini?"

"Unajua mimi ni mwoga. Miaka yote hii amekuwa akinigombeza. Suwako, wewe utakwepa. Wewe una mikono ya Nobu. Siku utakayomwona kulungu utageuza usukani na utaniacha peke yangu na wali wa madhabahu." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Nikashika kwa mikono miwili. Nikakanyaga breki. Nikaenda moja kwa moja."

Pale mlangoni Nukada aligeuza uso.

"Hukusimama."

"Yeye ndiye alitufundisha. Ukigonga kwenye ukungu, kwenye kona, usisimame hapo, atakuja mwingine nyuma yako. Nenda mpaka mahali salama ndipo upige simu. Nyumbani ni karibu. Nikaja. Nikaingia na viatu, unajua nilivyo mkali kwa viatu, nikaingia navyo mpaka hapa, nikaita. Baba Nobu, nimemgonga. Nimemgonga na sikukwepa."

Akakitazama kizibao juu ya mto.

"Nilitaka anisifu," alisema.

Jiko lililozimwa lilikuwa linapoa, bati lake likilia kidogo kidogo. Obinata alisubiri.

"Hakuitika. Nikaona hata kigari hakipo. Nikaona kizibao chake pale, juu ya jiko. Hapo nikajua. Sikuwaza, Ryu, nilijua tu, kama unavyojua chai imemwagika kabla hujaangalia. Nikachukua kitambaa. Mwenye kwenda kutazama tu huchukua tochi. Mimi nilichukua kitambaa. Nikaenda kwa miguu."

"Alikuwa hai?"

"Hapana. Alikuwa bado ana joto shingoni, chini ya taulo, basi. Nikambeba kama nilivyoweza mpaka nyasini. Nikamlaza kichwa kaskazini. Kamba nilishindwa kumfungua yule jike, vidole vilikufa ganzi. Nikakaa nao."

"Kwa nini hukutupigia, Mama?" Sasa sauti ya Obinata ndiyo iliyokatika. "Ilikuwa ajali. Ungepiga simu ingekuwa ajali. Kumwacha pale, kuosha gari, kumdanganya fundi, hayo ndiyo yanayokufunga. Kwa nini?"

Suwako alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani alipoacha viatu ovyo.

"Lango," alisema.

"Lango gani?"

"Lango la shule. Nilikaa pale kwenye nyasi nikalifikiria lile neno lake. Wazazi wanawaleta watoto wao, wanawaonyesha: lile neno, shika lile. Tangu Nobu, mji huu haujazika mtoto mwingine kwa ajili ya kulungu. Nikisema ni mimi, watasema nini? Kanuni ya Wakasa imemla Wakasa. Watalisema kwenye bafu, watalisema gerejini. Na siku moja mtoto wa mtu ataona macho kwenye ukungu, atajiuliza, je, kama ni mtu? Mikono yake itageuka." Alifumba viganja mapajani. "Nilitaka awe ameuawa na mgeni. Mtu wa mbali, asiyefundishwa naye. Basi lile neno lingebaki."

Nukada ndiye aliyejibu, bila kuulizwa.

"Mama, haingewezekana. Alama za breki zilinyooka. Tuliona tangu asubuhi kwamba ni mwanafunzi wake."

Suwako aligeuka kumtazama kijana huyu asiyemjua.

"Zilinyooka?"

"Kabisa. Sijawahi kuona zilizonyooka hivyo."

"Hazikupinda hata mwishoni?"

"Hata mwishoni, Mama."

Tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi. Sasa aliinamisha kichwa, na mabega yake madogo yakaanza kutikisika, na neno lililotoka lilikuwa la mtoto wa shule aliyerudishiwa mtihani wake.

"Basi nilifanya vizuri," alisema. "Nilifanya alivyosema."

Obinata alitaka kumshika mkono. Akakumbuka alichokuja kufanya. Akamshika mkono.

"Mama Wakasa Suwako," alisema, "nakukamata." Na akayasema yaliyobaki, yote, kama yanavyotakiwa, mpaka mwisho.

Alimsaidia kuvaa viatu. Mlangoni Suwako alirudi mara moja, akaondoa wali uliopoa mbele ya picha ya Nobuya, akaweka mwingine. Akaweka na kibakuli cha pili.

Jioni ilikuwa inaingia, kama inavyoingia kule mwezi wa kumi na moja, mapema, bila kuaga. Nukada alienda mbele na gari la vielelezo. Obinata alimweka Suwako kiti cha abiria, kile alichokikalia mzee maisha yake yote, akaendesha taratibu. Ukungu ulikuwa umeanza kutambaa kutoka mashambani.

Walipofika kwenye ile kona, mbele yao ziliwaka taa mbili za kijani.

Mikono ya Suwako ilikamata ukingo wa kiti. Obinata alikanyaga breki, usukani umenyooka. Mwendo ulikuwa mdogo, gari likasimama mbali. Alibaki ametazama yale macho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna shule inayolifundisha: akawasha taa za tahadhari, akazima taa kubwa za mbele.

Macho mawili yakazimika.

Gizani wakasikia kwato kwenye lami, polepole, bila hofu, kisha nyasi zikivunjika upande wa pili.

"Hakuniambia," alisema Suwako. "Kitendawili chote kile, na hakuniambia kwamba hata macho ya mfu huwaka."

"Pengine hakujua, Mama."

"Hakujua." Alilifikiria hilo. "Amepita?"

Obinata alitega sikio. Mwalimu alikuwa na kanuni nyingine, ambayo hakuiandika langoni: akipita mmoja, ngoja wa pili.

"Bado mmoja, Mama."

"Basi ngoja," alisema.

Wakangoja.